Njia ya Pili Inapita Wapi?

Hotuba kwa mafundi wa mitandao na wanafunzi wa uhandisi, Lubumbashi. Imeandikwa upya ili isomeke vizuri, pamoja na maswali mawili yaliyoulizwa mwishoni.

Walimu wetu, bamama na batata, wandugu mafundi, na ninyi vijana mnaosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha: jambo yenu wote.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kulinda mtandao kwa njia za akiba. Nikiuliza hapa nani ana njia ya akiba kazini kwake, najua mikono mingi itapanda. Benki zina mbili, hospitali kubwa zina mbili, watu wa migodi wana tatu. Kwa hiyo sitauliza hilo. Nitauliza lingine, na nitalishikilia mpaka niteremke hapa: hiyo njia ya pili inapita wapi?

Tuanze na ramani. Lubumbashi iko mbali na bahari, lakini ina milango miwili. Mmoja uko kusini: fibri, ule waya wa kioo unaobeba data kwa mwanga, inashuka mpakani Kasumbalesa, inaingia Zambia, na kutoka huko inaweza kuendelea hadi Afrika Kusini au kupinda kuelekea Dar es Salaam. Mwingine uko magharibi: Kinshasa, kisha Muanda, ambapo WACS, kebo ya chini ya bahari, inatua kwenye pwani yetu fupi ya Atlantiki. Ujumbe unaotoka hapa kwenda Ulaya unaweza kutokea bahari hii au ile. Miji mingi ya pwani haina uchaguzi huo karibu nayo. Ina bahari moja mlangoni, na ya pili iko ng'ambo ya bara zima. Ni mara chache mtu kufaidika kwa kukaa mbali na bahari. Sisi tunafaidika, tukijua kuitumia nafasi hiyo.

Wazee wa reli na wa Gécamines, kampuni yetu ya shaba, walikutana na jambo hili kabla yetu, wao wakiwa na shaba badala ya pakiti, yaani vile vipande vidogo vya data. Reli ilifika hapa kutoka kusini mwaka 1910. Mwaka 1928 ikafunguka ile tuliyokuja kuiita njia ya taifa: treni mpaka Ilebo, boti kwenye mto Kasai mpaka Kinshasa, treni tena mpaka Matadi. Mwaka 1931 reli ya Benguela ikatuunganisha na Lobito. Na kulikuwa na ile ya mashariki, Kalemie, ziwa Tanganyika, Kigoma, Dar es Salaam. Njia nne. Vita vya Angola vilipoifunga Benguela mwaka 1975, shaba haikukosa pa kupita. Lakini mzigo wa njia fupi kuliko zote ulisukumwa kwenye njia ndefu, ambazo zilikuwa tayari na mizigo yake, na mbili kati ya hizo zilihitaji kupakua na kupakia mara mbili. Kuwa na njia nyingine ni jambo moja. Njia hiyo kubeba ulichokuwa unabeba ni jambo lingine kabisa, nitalirudia.

Sasa tuingie ndani ya ruta, kile kifaa kinachochagua njia ya kila pakiti.

Waya ukikatika, ruta lazima kwanza ijue kwamba umekatika. Mnacheka, lakini hapo ndipo muda mwingi unapotea. Kama fibri imeingia moja kwa moja kwenye ruta, mwanga ukizimika itajua papo hapo. Ila wengi wetu hapa tuna kifaa katikati: swichi, au redio ya kwenye mnara. Redio ya upande wa pili ikifa, kebo fupi kati ya ruta yako na redio yako bado ni nzima. Taa ya kijani inawaka. Ruta inaangalia taa, inaona kila kitu sawa, na inaendelea kumwaga pakiti kwenye shimo. Inabaki kungoja salamu ya jirani. Katika OSPF, lugha ambayo ruta za mtandao mmoja huelezana njia, usipobadilisha kitu, salamu hutumwa kila sekunde 10, na jirani huhesabiwa amekufa baada ya sekunde 40 za kimya. BGP, lugha ya ruta za mitandao tofauti, kwenye ruta nyingi huvumilia sekunde 180. Dakika tatu! Ndani ya dakika tatu simu zote zimekatika, mteja wa mobile money ameshatuma mara ya pili, na bosi ameshakuja mlangoni kwako.

Dawa yake ipo na haina gharama: itifaki ya BFD, iliyowekwa rasmi mwaka 2010. Kazi yake ni moja tu, kusalimiana haraka haraka. Ukiiambia itume kila milisekunde 50 na ikate tamaa baada ya kukosa tatu, utajua kifo cha jirani ndani ya milisekunde 150. Kwenye redio zetu, ambazo mvua kubwa ya Januari huzitikisa, msiende chini hivyo. Anzeni na 300 mara tatu, muone. Ruta ambayo inamtangaza jirani kuwa amekufa kila wingu likipita ni mbaya kuliko ile inayochelewa.

Baada ya kujua, ruta inawaambia wenzake, kila mmoja anapiga hesabu upya, kila mmoja anaandika jedwali lake upya. Hawamalizi kwa pamoja. Kwa muda mfupi mmoja anaamini ramani mpya na mwingine bado yuko kwenye ya zamani, na pakiti zinazunguka kati yao mpaka zichoke. Mtandao uliotengenezwa vizuri hupita hapo ndani ya sekunde moja au mbili. Kwa barua pepe ni sawa. Kwa sauti, si sawa.

Watu wa simu walikuwa wametatua hili zamani. Kipimo cha milisekunde 50 ambacho mnakisikia kila mahali kimetoka kwao, kwenye pete za SDH, mfumo wao wa kusafirisha simu kwenye fibri: fibri imezungushwa, upande mmoja ukikatika, mawasiliano yanageuka kupita upande wa pili ndani ya milisekunde 50, na wanaozungumza hawajui kitu. Siri yao haikuwa kasi ya kupiga hesabu. Siri ni kwamba hesabu ilikuwa imeshapigwa siku ambayo hakuna kilichokatika. Wengine walikwenda mbali zaidi: wakatuma nakala mbili za kila kitu kwenye njia mbili wakati wote, na anayepokea anachagua iliyo nzuri. Hiyo inaitwa moja jumlisha moja. Ni ya haraka na ni ya ghali, maana unalipa mara mbili kila siku kwa ajili ya siku chache za mwaka.

Kwenye mitandao ya pakiti wazo hilohilo liliingia kwa mlango wa MPLS, namna ya kupeleka pakiti kwa kuzibandika lebo, na waraka wake wa kiufundi, RFC 4090, ulitoka mwaka 2005. Tuchukue mfano wa kwetu. Tuseme una ruta Lubumbashi, Likasi, Fungurume na Kolwezi, zimefuatana barabarani. Fibri inakatika kati ya Likasi na Fungurume. Nani anajua wa kwanza? Likasi. Kusubiri habari irudi Lubumbashi, ihesabiwe, itumwe tena, ni kupoteza muda. Kwa hiyo Likasi alishaandaliwa mapema: ana handaki la akiba, yaani njia ya lebo iliyoandaliwa ndani ya mtandao, linalofika Fungurume kwa upande mwingine, tuseme fibri inayoning'inia kwenye nguzo za umeme mkubwa. Mwanga ukizimika, Likasi anachukua kila pakiti, anaiongezea lebo moja juu ya lebo iliyokuwa nayo, anaitupa kwenye handaki. Mwisho wa handaki lebo ya juu inatolewa. Fungurume anakuta ileile lebo aliyoizoea na anaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Handaki moja la namna hiyo linaokoa mamia ya njia zilizokuwa zinapita hapo. Lubumbashi atapata habari baadaye, na atachagua njia bora bila haraka, mtu akiwa hajakata simu yake.

Wasio na MPLS wasihuzunike. Tangu 2008 ipo njia rahisi zaidi, RFC 5286: ruta inachagua mapema jirani wa akiba, na siku ya shida inamkabidhi pakiti. Ila si kila jirani anafaa. Ukimpa jirani pakiti ya kwenda Kolwezi, na yeye njia yake nzuri ya kwenda Kolwezi inapita kwako, atakurudishia, nawe utamrudishia. Kwa hiyo kuna sharti, na vijana liandikeni: umbali wa jirani mpaka mwisho wa safari lazima uwe mdogo kuliko umbali wa jirani mpaka kwako ukijumlisha umbali wako mpaka mwisho wa safari. Tuweke namba. Jirani mpaka kwako ni 10, wewe mpaka Kolwezi ni 25, jumla 35. Kama jirani ana njia yake ya kwenda Kolwezi yenye umbali wa 30, anafaa. Kama njia yake ni ya 50, atapendelea kupitia kwako kwa 35, na 35 si ndogo kuliko 35. Hafai, ruta itamkataa. Na hapa ndipo mitandao yetu inapoumia, maana sisi tuna pete kubwa na kamba ndefu, na kwenye pete jirani mara nyingi ndiye anayekutegemea wewe. Ndiyo maana mwaka 2015 ulikuja waraka mwingine wa kurusha pakiti kwa handaki mpaka kwa ruta ya mbali kidogo, ambayo haitairudisha. Leo segment routing inafanya hivyo kwa ulaini zaidi, kwa kuandika vituo vya kupitia juu ya pakiti yenyewe. Mwenye ruta mpya aiwashe. Mara nyingi ni mistari michache tu.

Hayo yote yako kwenye vitabu vya watengenezaji wa ruta, na mnaweza kuyasoma nyumbani. Lisiloandikwa huko ndilo limenileta.

Ruta inajua viungo. Haijui udongo.

Kuna taasisi moja hapa mjini iliyonunua fibri kwa kampuni mbili tofauti. Mikataba miwili, mafundi wenye fulana za rangi mbili, ruta mbili ukutani. Kwenye barabara ya Likasi, katapila la watu waliokuwa wanachimba mfereji wa maji ya mvua likaingiza jino. Fundi wa zamu akanipigia simu:

"Fibri imekatwa."

"Ile ingine je?"

"Na yenyewe imekatwa."

Tulipofika tulikuta mabomba mawili, moja la rangi ya chungwa na lingine la bluu, yametokeza kwenye udongo mwekundu, umbali wa kiganja kati yao, ncha zimechanika sawasawa. Kijana wa katapila alikuwa amekaa pembeni, hajui kwa nini watu wenye kompyuta wanamzunguka. Kampuni ya pili haikuwahi kuchimba chochote. Ilikodi nafasi ndani ya mtaro wa ile ya kwanza. Na wala hakuna aliyedanganya. Mkataba uliahidi fibri, na fibri ilikuwepo. Hakuna mstari uliosema ipite wapi.

Angalieni hesabu yake. Kiungo kinachofanya kazi asilimia 99 ya muda kinakuwa chini karibu saa 88 kwa mwaka. Ukiwa na viwili, kila kimoja kikifa kwa sababu zake mwenyewe, kufa vyote kwa wakati mmoja kunabaki kama dakika 53 kwa mwaka. Kutoka saa 88 mpaka dakika 53! Hiyo ndiyo bidhaa wanayotuuzia. Lakini hesabu hiyo imesimama juu ya maneno hayo manne: kwa sababu zake mwenyewe. Viwekeni mtaro mmoja, na kwa kila katapila linalopita mmerudi kwenye hesabu ya kiungo kimoja, huku mnalipia viwili.

Paul Baran wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, aliyeandika juu ya mitandao iliyosambaa mwaka 1964, alionyesha kwamba kila kituo kikiwa na viungo vitatu au vinne tu, mtandao unakuwa mgumu sana kuuvunja. Matokeo yale yalibadilisha dunia. Lakini katika hesabu zake kila kitu kilikuwa na bahati yake ya kuharibika, mbali na kingine. Katapila halina adabu hiyo. Moto pia hauna: tarehe 18 Julai 2001 treni ya mizigo iliacha reli na kuwaka ndani ya handaki la Howard Street, Baltimore, Marekani. Ndani ya handaki hilo zilipita fibri za kampuni kadhaa zilizokuwa zinashindana sokoni. Zikaungua pamoja. Na mwaka 1988 jengo moja la simu la Hinsdale, karibu na Chicago, liliungua; hapo njia nyingi zilikutana chini ya paa moja.

Sasa nije kwenye mto wetu wenyewe. Mto Kongo ukiingia baharini hauishii hapo. Chini ya maji kuna bonde refu lenye kuta, limeanzia ndani ya mdomo wa mto na kwenda mbali chini ya Atlantiki. Mwishoni mwa 2019 mto ulifurika vibaya. Ndugu wa Kinshasa wanakumbuka. Kati ya tarehe 14 na 16 Januari 2020 mchanga na matope yaliyorundikana mdomoni yaliporomoka ndani ya bonde, yakasafiri zaidi ya kilomita 1,100 chini ya bahari, na njiani yakakata kebo mbili, SAT-3 na WACS. Mbili, tofauti, zilizojengwa miaka tofauti. Mwezi wa nane 2023 zikakatika tena zote mbili katika eneo hilohilo. Mtu aliyekuwa na WACS kama njia kuu na SAT-3 kama akiba alikuwa na bonde moja.

Hatusemi Atlantiki ni mbaya. Mwezi wa tano 2024 ilikuwa zamu ya upande wa pili: kebo za EASSy na Seacom zilikatika siku moja, pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikalegea kutoka Dar es Salaam mpaka Kigali. Lakini matope ya mto Kongo hayawezi kufika Bahari ya Hindi. Ndiyo maana nilianza na ramani. Mtu wa Lubumbashi mwenye mguu mmoja Muanda na mguu mwingine kusini ana njia mbili kweli, mpaka hapo zinapokutana. Na mara nyingi zinakutana wapi? Hapa mjini, kwenye kilomita tano za mwisho, nguzo moja, shimo moja la ukuta, kabati moja.

Kwa lugha ya kazi hili linaitwa kundi la hatari ya pamoja, na ruta zinaweza kufundishwa. Unaipa kila hatari namba: mtaro wa barabara ya Likasi ni 101, daraja fulani ni 102, jengo fulani ni 103. Kila kiungo unakiandikia namba zake. Ruta ikitafuta njia ya akiba itakwepa yenye namba sawa na njia kuu. Ni kazi ya siku chache. Kinachochukua miezi ni kujua namba zenyewe, maana hazimo kwenye ruta, ziko mashambani. Ombeni ramani ya njia, faili inayofunguka kwenye Google Earth, kabla ya kutia sahihi. Ikiwa kampuni inakataa, hilo ni jibu tayari. Halafu chukueni pikipiki mkaifuate. Ramani nilizoona zilikuwa na mistari iliyonyooka vizuri sana. Mafundi wa kuchimba hawanyooki hivyo, wanafuata mahali pasipo na mwamba, na kwenye kila daraja wote wanaminywa kwenye bomba lilelile. Kwenye mkataba andikeni kwamba njia zisikutane, na zikihamishwa mjulishwe. Kuhamishwa ndiko kunakoua: unanunua njia mbili mwaka huu, mwaka kesho mmoja anaunganisha mitambo yake ili apunguze gharama, hakuambii.

Dokezo kwa wanaopanga. Usitafute njia fupi kuliko zote kisha utafute ya pili kwa kukwepa hiyo. Njia fupi inaweza kula viungo ambavyo bila hivyo hakuna ya pili, ukadhani mji hauna njia mbili wakati unazo. Tafuta zote mbili kwa pamoja, jozi ambayo jumla yake ni ndogo. Suurballe aliandika namna ya kufanya hivyo mwaka 1974. Vijana wa chuo, ni mtihani mzuri wa programu, fanyeni kwa ramani ya Katanga.

Nilisema nitarudi kwenye uzito wa mzigo. Una viungo viwili, umegawa mzigo, kila kimoja kimejaa asilimia 70. Wakubwa wanafurahi, hakuna pesa inayolala. Kimoja kikikatika, 140 itaingia kwenye 100. Hapo hakuna ulinzi, kuna foleni. Ama kila kimoja kisizidi nusu, ama mkubaliane mapema nani atashuka. Kwenye benki, miamala na sauti vibaki, kamera na masasisho ya kompyuta vingoje. Maamuzi hayo yafanyike mezani, mchana, mkurugenzi akiwepo. Saa nane usiku fundi wa zamu ataamua kwa kumpendelea anayepiga kelele.

Na mwisho wa upande wangu: jaribuni. Njia kuu ikifa, simu zinalia. Njia ya akiba ikifa, hakuna anayelia. Inaweza kukaa miezi imekufa, bili yake ikilipwa vizuri. Ipimeni kila dakika kwa kutuma kitu mpaka mbali, si mpaka kwenye modemu iliyo pembeni yenu. Na mara kwa mara, kwa saa mliyoichagua, chomoeni njia kuu kwa mkono. Msizime kwa amri ya kompyuta. Kuzima kwa amri ruta inaagana na jirani kwa heshima, na katapila haliagi. Ikirudi, msiikimbilie. Watu wa SDH huacha dakika kadhaa zipite, tano au zaidi, kabla ya kurudi kwenye njia kuu, kwa sababu fibri inayounganishwa huwaka na kuzima mara nyingi kabla haijatulia.

Nawapa nafasi.

Dada mmoja, anayeshughulikia mtandao wa taasisi ndogo ya kukopesha pesa katika commune ya Kenya hapa Lubumbashi, aliuliza: "Papa, sisi hatuna pesa ya fibri mbili wala ruta za maana. Tufanye nini?"

Dada, uko karibu kuliko unavyofikiri. Weka fibri moja, na simkadi ya mtandao wa simu kwenye ruta ndogo inayopokea vyote viwili. Hapo unaweza kubadilika ndani ya sekunde kadhaa, na kwa kazi yenu zinatosha. Lakini uliza kampuni ya simkadi: mnara wenu ulio karibu nasi unalishwa na nini? Minara mingi leo inaunganishwa kwa fibri, na inawezekana ni ileile ya kwako. Chagua kampuni ambayo mnara wake unarushiwa kwa redio au fibri inayotokea upande mwingine wa mji. Kisha mwambie fundi aweke kipimo kiende mpaka kwenye anwani mbili za mbali, nje ya mtandao wa kampuni hiyo. Ukipima mpaka kwenye lango la kampuni tu, lango litakuwa zima wakati fibri yao ya Kasumbalesa imekatika, na ruta yako itakaa palepale ikiamini kila kitu ni sawa. Jumamosi jioni, mkishafunga, chomoa fibri, mtu mmoja ajaribu kuingiza mkopo. Usimwambie fundi aliyeiweka.

Mzee mmoja fundi, aliyeanza kazi enzi za simu za waya, akasema: "Sasa tuna Starlink, intaneti ya setilaiti. Tuache kuhangaika na mitaro, au ninakosea?"

Baba, hukosei sana. Imepata leseni ya ARPTC, mdhibiti wa mawasiliano wa nchi yetu, mwaka 2025, na kwa swali langu la leo ni jibu zuri: setilaiti zake ziko kama kilomita 550 juu yetu, si karibu 36,000 kama zile za zamani zilizotuchelewesha nusu sekunde kwa kila swali na jibu, na hakuna katapila linalofika huko. Kwa njia ya akiba mimi mwenyewe ningeichukua. Ila pandeni juu ya paa, mfuate waya wa ile sahani mpaka unapoishia. Nimeona ukishuka vizuri, ukapita dirishani, ukaingia kwenye modemu yake, na modemu ikachomekwa kwenye multiprizi ileile ya modemu ya fibri, kwenye betri ileile iliyonunuliwa kabla sahani haijakuja. Sahani inakula umeme kuliko modemu ya fibri kwa mbali. Umeme ukikatika, betri iliyokuwa inashikilia fibri kwa saa nne sasa inazishusha zote mbili mapema, na zinazimika sekunde ileile. Ipeni sahani betri yake, na ikiwezekana paneli yake ya jua. Saa zake zipimeni kwa kuzima swichi kuu ya nyumba, msiamini kilichoandikwa kwenye boksi.